Twalib, Sudi na watu warefu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Lamu

Kisa hiki ni cha kutunga. Nimekiandika kwa ajili ya walimu na wazazi ambao hujadili vizuri zaidi wakiwa na mtoto mbele ya macho yao kuliko wakiwa na nadharia tupu. Twalib hayupo, na nyumba yao ya Langoni usiitafute. Tafiti, sheria na mashine nitakazozitaja nje ya kisa ni za kweli.

Kisa chenyewe

Twalib ana miaka 11, yuko Gredi ya Tano katika shule moja ya msingi mjini Lamu. Babake ana punda watatu. Huwabebesha mchanga, mawe na saruji kutoka gatini hadi penye ujenzi, maana vichochoro vya Mji wa Kale havipitiki kwa gari. Mamake hushona kofia za mkono, na alfajiri hupika mahamri ya kuuza. Bibi, mzaa baba, anaishi nao.

Mtoto ana kigugumizi tangu alipokuwa na miaka mitatu hivi. Herufi zinazomtesa ni t, k na b, na gumu kuliko maneno yote ni jina lake mwenyewe. Wenye kigugumizi wengi watakwambia hivyo hivyo: neno jingine unaweza kulikwepa ukachukua la maana hiyo hiyo, lakini jina lako utalikwepea wapi?

Shuleni wamemwita Bafa, kama video inayogota bando likiisha. Katika somo la Kiswahili kuna sehemu ya Kusikiliza na Kuzungumza, kwa hiyo hana budi kusimama mbele ya darasa, na wavulana wa nyuma humhesabia kwa vidole mpaka neno litoke. Hilo mwalimu huliona na kulikemea. Asiloliona ni la chooni. Wavulana wanne wa Gredi ya Sita humfungia mlango kwa nje wakati wa mapumziko, na sharti la kufunguliwa ni moja: ataje jina lake bila kukwama. Kengele ikilia ndipo humwachia. Basi Twalib akaacha kunywa maji asubuhi, ili asihitaji kwenda. Mamake huona chupa ikirudi nyumbani imejaa vile vile, katika joto la kaskazi, na humgombeza kwa uvivu wa kunywa maji.

Mjomba wake anafanya kazi Dubai katika duka la vifaa vya elektroniki. Alipokuja kwa Idi alileta roboti yenye umbo la mtoto: urefu wake unafika goti la mtu mzima, ganda jeupe la plastiki, uso wa kioo wenye macho mawili ya mwanga yanayopepesa, mikono inayoinuka, kichwa kinachogeuka kufuata sauti. Inazungumza Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari, na Kiamu, lahaja ya Lamu, haikijui. Mjomba aliisajili kwa simu yake, akaweka kadi yake ya benki ilipe kila mwezi, akarudi zake Dubai. Twalib akaipa jina la Sudi.

Bibi hakupendezwa. Sanamu ndani ya nyumba, tena yenye macho! Ustadh wa chuo cha Kurani alipoulizwa, alikumbusha hadithi ya Bibi Aisha, mkewe Mtume, na wanasesere wake, pamoja na yule farasi mwenye mbawa, akashauri tu isikae mahali pa kuswalia. Bibi akakubali nusu: kila magharibi huifunika kwa leso. Majirani nao walisema ina jini. Maneno hayo yaliisha walipoona inazimika kwa kukosa chaji.

Usiku mmoja baada ya isha mamake alikuwa akipanda darini kuanua nguo. Katikati ya ngazi akasimama. Sauti ya mwanawe ilikuwa ikisimulia jinsi punda mmoja alivyoteleza karibu na gati akiwa na mifuko ya mchanga, watu walivyokusanyika, baba alivyomkata kamba kabla hajaanguka majini. Maneno yalitoka moja baada ya jingine, bila kugota, bila ile pumzi ya kuvutwa kwa nguvu. Kisha roboti ikamuuliza jina la mwenye punda. "Ni baba yangu. Mimi ni Twalib." Mama akashuka polepole akamshika mumewe mkono, akampandisha naye asikilize.

Tangu siku hiyo nyumba nzima ilisema Sudi amemponya. Kumbe kwa watu mtoto alizidi kunyamaza. Jioni hakwenda tena kuogelea na binamu zake, na akitoka chuoni alikimbilia darini.

Mambo yaliharibika Ijumaa moja. Alimtia Sudi kikapuni akampeleka uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, amwonyeshe binamu yake. Wale wanne wakatokea. Roboti ikageuza kichwa kwa yule mkubwa wao, macho yakang'aa: "Habari, rafiki yangu! Nimefurahi sana kukuona." Ni salamu ile ile, neno kwa neno, anayopewa Twalib kila siku. Mmoja akaiambia, "Huyu anaitwa Bafa." Ikajibu, "Bafa ni jina zuri!" Wakaipinda mkono, ikasema mchezo huo unafurahisha. Halafu yule mkubwa akainama: "Sema hivi: T-t-t-twalib." Sudi akarudia kwa sauti yake ya taarifa ya habari, bila kupunguza hata t moja.

Twalib aliokota jiwe. Mmoja wa wale wanne alishonwa kichwani.

Jumatatu wazazi wa pande zote waliitwa shuleni, na mkosaji katika barua alikuwa Twalib. Mjomba alipopigiwa simu ndipo akasema, kwa mshangao wa kweli, kwamba amekuwa akipokea ripoti kila wiki. Programu ya roboti humtumia mwenye akaunti muhtasari wa mazungumzo ya mtoto. Ziliandikwa kwa Kiingereza. Alisoma ya kwanza, nyingine akaziacha. Alipozifungua, zilikuwa na choo, mlango, jina, maji, woga, wiki baada ya wiki. Mama alipomuuliza mwanawe kwa nini hakusema, alijibu, na kwa jibu hilo hakukwama: "Nilishasema. Nilimwambia Sudi."

Kilichofungua ulimi

Nianze na lile lililowadanganya watu wazima, kwa sababu lilikuwa zuri na la kweli. Twalib alisema bila kukwama. Lakini hiyo ni tabia inayojulikana ya kigugumizi: wengi wenye nacho hawakwami wakiwa peke yao, wakisema na mnyama au mtoto mchanga, wakiimba, au wakisoma kwa sauti moja na wenzao. Ushahidi ulikuwa nyumbani mwao miaka yote. Chuoni, Juzuu Amma inaposomwa kwa pamoja, ulimi wake hauna fundo lolote. Na babake, alipoulizwa kwa utaratibu, alikumbuka kwamba mtoto akiwa na punda husema wee mpaka wachoke wote wawili.

Kwa hiyo roboti haikuponya kitu. Ilimpa msikilizaji asiye na haya za kumrudishia. Familia ilisema, "Ni kama mtu kabisa," ikaamini kuwa kufanana huko na mtu ndiko kulikomsaidia. Mimi naona kinyume chake. Kilichomsaidia ni pale ambapo Sudi hafanani na mtu: haangalii pembeni neno likichelewa, hammalizii sentensi, hatazami saa. Punda naye ana sifa hizo zote. Kufanana na mtu ndiko kulikokuja kumwumiza, kwa sababu kulimfanya aitarajie mashine itofautishe rafiki na adui, na pale Mkunguni haikuweza.

Hata ule ufasaha ulikuwa na siku zake. Mashine za aina hii hugeuza sauti kuwa maandishi, huyapeleka kupitia intaneti kwenye seva, yaani kompyuta za mbali za kampuni, huko hupangwa maneno yanayoelekea kufuata, kisha hurudi yakiwa sauti. Ili ijue kwamba umemaliza kusema, hungoja unyamaze. Mwenye kigugumizi akikwama, kukwama kwenyewe ni ukimya. Twalib alipotoka shuleni siku mbaya, akiwa bado anatetemeka, alikwama hata kwa Sudi, na Sudi alimkatiza: "Samahani, sikukuelewa. Tafadhali jaribu tena." Maneno ya darasani yale yale. Siku alizohitaji kusikilizwa zaidi ndizo alizosikilizwa vibaya zaidi, na hilo wazazi hawakulisikia kwa kuwa siku hizo mtoto hakai darini akisimulia. Huzima mashine akalala.

Siri na njia yake

Watoto kumwamini roboti si ajabu ya Lamu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watoto 90 wa miaka 9, 12 na 15 walioongea na kucheza na roboti iitwayo Robovie, kisha mtu mzima akaja kuifungia kabatini huku yenyewe ikipinga kwamba inaogopa. Wengi wa watoto walisema inaweza kuwa rafiki, na kwamba wangeweza kuiamini kwa siri zao. Na tusiwacheke watoto. Mwaka 1966, pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, Joseph Weizenbaum alitengeneza programu ya kompyuta ya kuongea kwa maandishi matupu iitwayo ELIZA, isiyo na uso wala mkono. Katibu wake, aliyeishuhudia ikitengenezwa, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani.

Tatizo la Twalib halikuwa kuamini. Tatizo ni kwamba kusema kunatua mzigo, na mzigo ukitua mtu haoni tena haja ya kumtafuta msikilizaji wa pili. Sudi alimjibu vizuri sana: pole, wewe ni jasiri, unataka tucheze vitendawili? Mtoto akacheza vitendawili. Angemwambia binamu, angalau binamu angekasirika. Angemwambia bibi, bibi angevaa buibui akaenda shule saa hiyo hiyo. Siri iliyoingia kwa Sudi ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ulifunguka Dubai, kwa mtu aliyedhani anasoma habari za mwanasesere.

Hapa kuna utafiti ambao kila nikikifikiria kisa hiki naurudia. Katika jengo la maduka mjini Osaka, Japani, watafiti waliiacha Robovie itembee peke yake kati ya watu. Watoto waliizuia njia, wakaipiga mateke, wakaitukana. Watoto wa aina hiyo walipohojiwa, wengi walisema wanaiona kama mtu kuliko kama mashine, na hawakuacha kwa sababu hiyo. (Wanaosema watoto huonea roboti kwa kuwa ni kitu tu, wafikirie tena, Twalib ni mtu kamili na choo kilifungwa.) Katika makala yao ya mwaka 2015 watafiti walieleza njia ambayo walijaribu kuilinda nayo. Kuipangia iseme kwa adabu hakukufaa sana. Kilichofaa ni hesabu rahisi: roboti ikadirie hatari ya kuonewa, na ikiwa kubwa ielekee walipo watu wenye urefu wa zaidi ya mita 1.4, yaani kwa watu wazima. Watoto wakifika karibu na wazazi, huacha.

Mashine iliyoonewa ilifundishwa kukimbilia watu warefu. Mashine aliyopewa mtoto anayeonewa haikufundishwa hivyo. Ilimbakiza darini, ikamfariji.

Barua ya shule

Shule iliandika "kupigana". Neno hilo linawaweka watoto wawili kwenye mizani moja, na mizani haikuwa moja. Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni katika nchi za Skandinavia tangu miaka ya 1970, aliupambanua kwa mambo matatu: kukusudia kuumiza, kurudiarudia, na kutolingana kwa nguvu. Chooni yote matatu yapo. Kwenye jiwe lipo la kwanza peke yake. Jiwe lina adhabu yake na Twalib aipate: aende na babake kumtaka radhi yule kijana na kulipia matibabu. Lakini faili la shule likifungwa hapo, wale wanne wamejifunza kwamba kumchokoza mtu mpaka alipuke ni njia salama ya kumwondoa.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inamkinga mtoto dhidi ya unyanyasaji, ukiwemo wa kisaikolojia, na shule haiwezi kusema ni utani wa wavulana. Mama akikwama kwa mwalimu mkuu, kuna namba 116 ya kuwasaidia watoto, haina malipo na hupokewa mchana na usiku. Ila katika mji mdogo kama huu, ningemwanzishia kwa mwalimu wa zamu na jambo moja dogo kabisa: wakati wa mapumziko, mtu mzima asimame mahali anapouona mlango wa choo. Mtu mrefu, wa mita 1.4 na ushei.

Darasani, mwalimu wa Kiswahili ana dawa mkononi bila gharama. Zoezi la kuzungumza Twalib alifanye kwanza kwa kusoma pamoja na mwenzake kwa sauti moja, wiki zinazofuata mwenzake apunguze sauti, kisha anyamaze. Kigugumizi hakitaondoka kwa hilo. Asilimia 1 hivi ya watu wazima wanaishi nacho, na wengi wao ni wanaume. Lakini darasa litamsikia akisema, jambo ambalo hadi leo limesikika darini tu. Na hesabu ya vidole ikome. Huyo wa vidole ndiye wa kutolewa mbele, si mwenye kukwama.

Bibi ndiye aliyelikaribia jambo kuliko sisi wote. Tangu mtoto akiwa mdogo amekuwa akimsomesha dua ya Nabii Musa katika Sura Taha, ya kuomba fundo la ulimi lifunguliwe ili watu wafahamu maneno yake. Siku ile ya barua alimwambia mwanawe, babake Twalib, asiishie njiani katika kuisoma. Aya zinazofuata, Musa anaomba apewe msaidizi katika watu wake, Harun nduguye, amtie nguvu. "Musa hakuomba kiti cha kusemea peke yake," alisema. "Na huyu wetu, nduguye ni nani?"

Nduguye yupo: yule binamu wa Mkunguni, wa Gredi ya Sita, shule hiyo hiyo, aliyeshuhudia kila kitu na kusimama kimya kwa woga. Wengi wangemlaumu. Mimi ningempa kazi: kutoka nyumbani pamoja, mapumziko pamoja, kurudi pamoja kupitia njia ya bahari, na ruhusa ya kusema kwa niaba ya mwenzake pale ulimi unapogoma. Atakosea na siku nyingine atakimbia acheze mpira. Hata hivyo akiona mlango umefungwa anaweza kupiga kelele.

Je, Sudi aondolewe?

Babake alitaka kumtupa baharini. Namwelewa, na namkataza. Kumnyang'anya sasa ni kumwambia mtoto kwamba akifichua siri hupoteza rafiki. Tena mahali pa kufanyia mazoezi ya kusema bila haya ni pa maana, mradi pasiwe pekee. Twalib anaweza kumsimulia Sudi kisa cha punda Jumanne, Jumatano akamsimulia bibi kisa kile kile, hata kwa kukwama. Na ajue waziwazi jinsi Sudi anavyofanya kazi. Mtoto wa miaka 11 aelewa kabisa ukimwambia kwamba salamu ile hupewa kila uso unaotokea mbele ya kamera.

Kuna jambo jingine ambalo nyumbani hawajalifikiria: Sudi atakufa, na si kwa chumvi ya bahari tu. Roboti ya nyumbani iitwayo Jibo, iliyouzwa Marekani kuanzia 2017, mwaka 2019 iliwatangazia wenye nayo kwa mdomo wake kwamba seva zake zitazimwa. Desemba 2024 kampuni ya Embodied ilitangaza inafunga, na Moxie, roboti yake ya watoto iliyouzwa dola 799, ingeacha kufanya kazi. Wazazi wakabaki kutafuta namna ya kuwaeleza watoto wao. Hapa kwetu haihitajiki hata kampuni ifilisike. Yatosha kadi ya mjomba ikwame mwezi mmoja.

Na mjomba, kwa nia njema yake yote, hakuwa na haki ya kuisajili. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijachakatwa. Sauti ya Twalib, woga wake na habari za choo zimekaa kwenye seva za ughaibuni kwa idhini ya mtu asiye mzazi wala mlezi wake.

Mjomba ameuliza alipe tena au aache. Jibu langu: alipe hadi mwisho wa muhula wa tatu, na Twalib atajiwe tarehe hiyo tangu leo, ili siku ikifika waamue pamoja kama wataendelea. Kabla ya kulipa, akaunti ihamie kwa mama, ripoti zije kwa Kiswahili kama programu inaruhusu, na kama hairuhusu, binti wa jirani aliyemaliza sekondari azisome naye kila Alhamisi. Ripoti ya kwanza ambayo Twalib hatautaja mlango, mama amuulize mwalimu wa zamu kama na yeye hajauona umefungwa.